Kutembea Mjini Kwako Baada ya Kufiwa: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Mtu aliyefiwa huambiwa mara nyingi, "Toka nje utembee, utapata nafuu." Anatoka. Baada ya dakika kumi anajikuta kwenye kituo cha basi walipokuwa wakiagana kila asubuhi. Magoti yanalegea, anageuza nyumbani karibu akimbie, na kesho yake hatoki tena. Mwingine hutembea kila siku kwa miezi, ila kwa njia za kuzunguka zinazokwepa mtaa mmoja, na mtaa huo unazidi kumtisha. Wa tatu hujilazimisha kwenda siku ya kwanza pale palipo pazito kuliko pote ili "amalizane napo", kisha anarudi hawezi hata kula.

Kosa lao ni la mambo mawili: mpangilio wa mahali, na wakati wa kuondoka. Mji ulioishi na mtu una sehemu nyingi ambazo mwili wako umezoea kumtarajia. Mwili hauachi kutarajia kwa kuambiwa. Huacha kwa kufika pale mara kadhaa, kwa kiasi unachokimudu, na kukaa mpaka wimbi la huzuni lishuke.

Mwongozo huu ni wa wiki nane hadi kumi na mbili. Lengo lake ni uweze kupita popote unapohitaji kupita mjini kwako. Huzuni yenyewe itafuata mwendo wake, na hatuahidi kwamba kutembea kutaifuta.

## Nani asianze peke yake

Ukiwa na mawazo ya kutaka kufa au kujidhuru, weka mwongozo huu kando na uzungumze leo hii na daktari, mshauri nasaha au mtu unayemwamini.

Ikiwa kifo kilitokana na ajali au ukatili, au ulikishuhudia mwenyewe, na picha zake zinakurudia kana kwamba tukio linatokea upya, mahali pa tukio paondoe kwenye mpango huu. Hapo panahitaji mtaalamu wa afya ya akili. Sehemu nyingine za mji unaweza kuzitembea.

Maumivu ya kifua, kukosa pumzi au kizunguzungu kikali visichukuliwe kuwa "ni huzuni tu". Mshtuko wa kufiwa unaweza kudhoofisha moyo ghafla. Madaktari wa Japani waliieleza hali hiyo mwaka 1990 na kuiita takotsubo, na dalili zake hufanana sana na za mshtuko wa moyo. Simama na utafute matibabu mara moja.

Kama ni wiki mbili au tatu za kwanza, fanya Hatua ya 1 peke yake. Na kama maombolezo ya kwenu yanakutaka ubaki nyumbani kwa muda fulani, yamalize kwanza. Mitaa haiendi popote.

## Vitu vya kuwa navyo

- Viatu ulivyokwisha kuvizoea, vyenye nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu cha mguu. Malengelenge yamesimamisha mipango mingi kuliko machozi.
- Daftari dogo la mfukoni na kalamu. Usiandike kwenye simu. Ukiifungua utakutana na picha zake na ujumbe wa watu wengine, na hutajua tena ni nini kilichokupandisha huzuni.
- Simu yenye chaji, sauti ikiwa imezimwa, na namba ya mtu mmoja anayejua uko wapi na utarudi saa ngapi.
- Ramani ya mji, ya karatasi au uliyoichora mwenyewe, na kalamu za rangi tatu: kijani, njano na nyekundu.
- Maji nusu lita na leso mbili.
- Nauli ya kurudi, iwekwe mfuko wa peke yake. Anayejua kwamba anaweza kurudi wakati wowote huthubutu kukaa zaidi.
- Kofia au miwani ya jua, kama unaogopa kuonekana ukilia.

Acha nyumbani vipokea sauti vya masikioni. Muziki hukuondoa pale ulipo, nawe umekwenda ili uwepo. Acha pia kitu cha marehemu, kama saa au koti lake, mpaka ufike Hatua ya 5.

## Hatua ya 1: Tembea njia isiyo na kumbukumbu (wiki ya 1 na ya 2)

Chagua njia ambayo hukuwahi kupita naye, au mlipita mara chache. Tembea dakika 20, siku nne au tano kwa wiki, ikiwezekana asubuhi. Mwendo sahihi ni ule unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima lakini si kuimba. Kwa watu wazima wengi ni kama hatua 100 kwa dakika.

Kwa nini: Kufiwa huvuruga usingizi na hamu ya kula, na mwili uliochoka hauwezi kubeba hatua zinazofuata. Mwanga wa asubuhi husaidia saa ya mwili kurudi kwenye mpangilio wake. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2020 kwamba mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Wewe unaanza chini ya hapo kwa makusudi.

Tahadhari: Huzuni hupunguza umakini, na barabarani hilo ni hatari ya kweli. Vuka kwenye kivuko tu. Kabla ya kukanyaga barabara simama kabisa, tazama pande zote mbili, kisha vuka. Kama unalia, ngoja macho yakauke kwanza.

Utajua umefanikiwa ukitoka nje bila kubishana na nafsi yako zaidi ya dakika chache, na ukirudi na uchovu wa miguu ambao si ule wa kichwa. Asiyeweza kutembea dakika 20 mfululizo atembee kutoka benchi moja hadi jingine. Anayetumia kiti cha magurudumu au mkongojo afuate dakika zake mwenyewe, hesabu nyingine zote ni zilezile.

## Hatua ya 2: Chora mji mlioishi

Fanya hili ukiwa umekaa mezani, dakika 30 hadi 40, na si jioni sana. Tandaza ramani, weka alama kila mahali panapohusiana naye. Kijani ni pale panapokugusa kidogo, njano panapokuumiza, nyekundu unapopakwepa.

Karibu kila mtu huanza na kaburi, hospitali na nyumba, kisha huona amemaliza. Hayo ni rahisi kuyaona. Yanayowaangusha watu njiani ni madogo zaidi: taa za barabarani mlizozoea kubishana mkisubiri zibadilike, ngazi alizokuwa akizipanda akihema, kona aliyokuwa akipiga simu kusema anakaribia, foleni mliyokuwa mkipanga, namba ya basi lake. Pitia siku moja ya kawaida mliyokuwa nayo, tangu alfajiri mpaka usiku, na kila mguu ulipokanyaga utie alama.

Kando ya kila alama andika mambo mawili. La kwanza ni saa. Kona tulivu saa nne asubuhi inaweza kuwa nzito saa kumi na moja jioni, kwa sababu ndiyo saa aliyokuwa akirudi. La pili ni upande unaotokea unapofika pale. Mtaa uleule ukiingiwa kutoka upande aliokuwa akija yeye huuma, na ukiingiwa kwa nyuma hupitika. Watu huruka maelezo haya mawili kwa kuyaona madogo, kisha hushangaa mahali palipokuwa pepesi jana panapokuwa pazito leo.

Ukianza kutetemeka au kuchoka, funga ramani na uendelee kesho. Kazi hii peke yake ni nzito.

## Hatua ya 3: Panga ngazi

Kila alama ipe namba kutoka 0 hadi 10. Sifuri ni utulivu ulio nao ukiwa umekaa salama. Kumi ni hali ya kutoweza kusimama. Usifikirie sana, namba ya kwanza inayokujia ndiyo.

Chagua mahali 8 hadi 12 na uzipange kutoka ndogo kwenda kubwa. Anza na penye 3 au 4. Chini ya hapo hakuna cha kujifunza, na juu ya hapo utakimbia. Kutoka ngazi moja hadi inayofuata pasiwe na tofauti ya zaidi ya namba moja.

Ukikuta pengo, kwa mfano kutoka 5 moja kwa moja hadi 9, ligawe lile la 9:

1. Kupaona kutoka mwisho wa mtaa, kama mita 100.
2. Kupita upande wa pili wa barabara.
3. Kupita mbele yake bila kusimama.
4. Kusimama mlangoni.

Kila kipande kipe namba yake. Mara nyingi utakuta 6, 7, 8, 9, na pengo limezibika.

## Hatua ya 4: Matembezi ya kukaa na mahali

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo soma sehemu hii mara mbili kabla ya kutoka.

Kabla ya kufika. Uwe umekula na umelala kiasi. Chagua saa yenye watu wachache. Tembea dakika 10 kwanza ili mwili upate joto. Ukibakiza kama mita 20, simama na uandike namba yako ya wakati huo.

Unapofika. Tafuta pa kusimama penye ukuta au nguzo mgongoni, au keti, mbali na ukingo wa barabara. Acha miguu yote miwili ikanyage chini sawasawa. Taja kimoyomoyo vitu vitano unavyoviona sasa hivi pamoja na rangi zake: mlango wa bluu uliobabuka, taka ya karatasi nyeupe, mtu mwenye mkoba mwekundu. Unauonyesha ubongo mahali palivyo leo kabla haujaleta palivyokuwa zamani.

Kisha iache kumbukumbu ije. Usiivute wala usiizuie. Ukitaka kutamka jina lake, litamke. Ukitaka kumwambia neno, mwambie, hata kwa sauti. Kuendelea kuwa na uhusiano na aliyekufa si ugonjwa, na watu wengi wenye afya njema huzungumza na marehemu wao.

Angalia namba kila dakika mbili au tatu. Kwa kawaida hupanda, hukaa juu, halafu huanza kushuka. Kanuni kubwa ya mwongozo huu ni hii: usiondoke namba ikiwa inapanda. Ukiondoka kileleni, nafuu unayoipata ukikimbia huufundisha mwili kwamba mahali pale ni hatari na kukimbia ndiko kulikokuokoa. Mara ijayo itakuwa mbaya zaidi.

Ondoka namba ikishafika nusu ya kilele. Kama dakika 30 zimepita na imeshuka angalau kwa 2, inatosha pia.

Ikigoma kushuka, au ikifika 9 na kuendelea, rudi nyuma mita 20 au 30 lakini usirudi nyumbani. Ngoja hapo. Ikianza kushuka, tazama tena kule kwa dakika moja, ndipo uondoke. Jambo la mwisho ambalo mwili unalipata pale ndilo utakalolibeba.

Kurudi. Tembea dakika 10 kabla ya kupanda gari au kuingia nyumbani. Halafu andika. Maandishi yanatosha yakiwa hivi:

*Kituo cha basi cha maktaba. Saa 10:20 jioni, nimetokea upande wa soko. Kabla 5, kilele 7, mwisho 3. Dakika 18. Lilipita basi la namba yake, nikalia, ikashuka.*

Machozi si dalili ya kushindwa. Namba inaweza kushuka huku unalia, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Dalili ya kushindwa ni ujanja wa kukwepa ukiwa palepale: kutazama simu, kuhesabu magari, kupita umeinamisha kichwa. Mwili umefika ila wewe hukufika, na utarudia mahali hapo mara nyingi bila mabadiliko yoyote.

## Hatua ya 5: Rudia kabla ya kupanda

Rudi mahali palepale mara mbili au tatu ndani ya wiki hiyohiyo. Panda ngazi inayofuata pale tu kilele kitakapokuwa nusu ya kile cha siku ya kwanza, mara mbili mfululizo. Pengine itachukua ziara tatu, pengine saba.

Ziara zikiachana kwa wiki mbili, kila mara utakuwa unaanza upya. Hilo ndilo jibu kwa wale wanaosema "nimekwenda mara nyingi na bado".

Mahali pakishatulia, badilisha jambo moja tu: nenda saa aliyokuwa akifika yeye, au ingia kwa upande wake, au beba kile kitu chake ulichokiacha nyumbani. Ukibadilisha mawili kwa pamoja na namba ikapanda, hutajua ni lipi lililoipandisha.

## Hatua ya 6: Njia mpya

Kwa kila matembezi mawili ya ngazi, fanya moja kwenda mahali ambapo hamkuwahi kufika pamoja. Hapo huandiki namba. Unatazama, unakaa, unarudi.

Watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi kati ya kazi mbili: kuukabili msiba, na kujenga maisha yanayoendelea. Kila moja humpumzisha kutoka kwa nyingine. Anayetembea mitaa mizito tu hukauka, na anayetembea mitaa mipya tu anakwepa kwa njia ya heshima. Ndiyo maana hatua hii si ya hiari, ingawa wengi huiruka wakiona kwamba kufurahia kichochoro kipya ni kumsaliti marehemu. Hisia hiyo ikikujia, iandike, kisha maliza matembezi yako.

## Hatua ya 7: Pazito kuliko pote

Usifike hapa kabla ya ngazi zilizo chini kutulia. Nenda na mtu mmoja tu, na umpe maelekezo kabla hamjatoka: atembee nusu hatua nyuma yako upande wa magari, anyamaze, na kila dakika tatu aulize swali moja tu, "Ngapi?" Asikufariji mpaka mtakapoondoka. Mtu mwenye huruma akikukumbatia kileleni na kukuondoa hukuharibia kazi bila kujua.

Kama ni hospitali, anzia nje ya lango. Kama ni nyumba inayokaliwa na watu wengine, usisimame muda mrefu mbele ya dirisha lao. Mlinzi au mkazi akiuliza, sema kwa kifupi: "Kuna ndugu yangu alifia hapa. Nasimama kidogo, naondoka."

Si lazima kila mahali pamalizwe. Jiulize kama kutopita pale kunakugharimu chochote: kazi, ndugu, safari fupi ya kila siku. Kama hakukugharimu kitu, pafute kwenye orodha bila aibu.

## Mambo yanayovuruga njiani

Umemwona kwa mgongo. Mtu mwenye mabega yake, mwendo wake. Hili huwapata wafiwa wengi sana, na halina maana kwamba akili imeruka. Simama, mwache apite, na ikiwezekana uone uso wake ili macho yajisahihishe. Usimfuate.

Mtu hana habari na anakuuliza kama marehemu hajambo. Andaa sentensi mapema na uifanyie mazoezi kwa sauti: "Alifariki. Leo siwezi kulizungumza, nitakutafuta." Asiye na sentensi hujikuta akisimulia kila kitu katikati ya watu, au akidanganya kuwa hajambo, na yote mawili humwumiza siku nzima.

Husikii chochote. Ganzi si kupona. Rudi saa nyingine au kwa upande mwingine. Ikiwa mahali pote ni sifuri kwa wiki kadhaa na hata nyumbani hakuna unachohisi, zungumza na mtaalamu.

Jengo limebomolewa. Wengine hupatwa na huzuni ya pili kwa hilo. Fanya Hatua ya 4 papo hapo, ukitaja vitu vitano vilivyopo sasa.

Tarehe inakaribia. Siku yake ya kuzaliwa na siku aliyofariki hupandisha namba siku kadhaa kabla. Wiki hiyo shuka ngazi mbili, na usijaribu mahali papya.

## Inafanya kazi, au haifanyi?

Dalili njema huja kimyakimya. Unagundua umepita mahali ukiwa unawaza jambo lingine, kisha unakumbuka. Unachagua njia kwa sababu ni fupi. Kumbukumbu inayokuja pale ni ya siku ya kawaida, haianzi tena na siku ya kifo. Siku mbaya zitakuwepo, kwa hiyo usiipime siku moja, tazama namba za wiki tatu.

Ikiwa wiki nne zimepita na hakuna mahali hata pamoja palipoteremka, au unajificha zaidi kuliko ulivyoanza, tatizo si bidii yako. Kuna huzuni inayoganda, na ina jina rasmi kitabibu. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, unaitambua pale hamu kali ya marehemu inapodumu zaidi ya miezi 6 na kuvuruga maisha, na ule wa wataalamu wa akili wa Marekani wa mwaka 2022 unaweka miezi 12 kwa watu wazima. Ina tiba yake maalumu, na kurejea hatua kwa hatua mahali panapokwepwa ni sehemu ya tiba hiyo. Nenda na daftari lako. Mtaalamu ataona kwa dakika chache ulipokwama.

Ngazi zikiisha, acha kuandika namba. Weka siku moja kwa mwezi ya kupitia mahali patatu palipokuwa pagumu zaidi, bila maandalizi, na uandike namba siku hiyo pekee. Namba ya mahali ikipanda kwa 2 au zaidi katika miezi miwili mfululizo, rudi Hatua ya 5 kwa mahali hapo tu.